Konzo: Ukoo, Chungu na Mahali

Konzo ni ugonjwa wa neva za mwendo za juu, yaani zile zinazoshusha amri kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo, na aliyekuwa mzima hukakamaa miguu yote miwili katika muda usiofika wiki moja, kisha hali hiyo haizidi wala haiponi. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, Kongo; mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya elfu moja huko Nampula, Msumbiji; mwaka 1985 ukaonekana Tarime, Tanzania, na baadaye Burhinyi, katika Kivu Kusini inayopakana na Maniema.

Kwa kuwa huwaandama hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, tena mara nyingi wawili watatu wa nyumba moja, si ajabu ukoo mzima ukashukiwa. Shaka hiyo ina msingi katika ugonjwa wa ALS, unaozila neva za juu na za chini pamoja mpaka pumzi inashindwa, kwani takriban mgonjwa mmoja katika kumi ana ndugu aliyeugua vilevile, na jeni za SOD1, iliyotambuliwa mwaka 1993, na C9orf72, mwaka 2011, zimeeleza wengi wao. Hata hivyo katika kisiwa cha Guam, ambako wenyeji Wachamorro waliugua ALS kuliko karibu watu wote duniani, ugonjwa ulipungua sana katika miongo michache, na urithi wa damu haubadiliki upesi kiasi hicho.

Katika konzo, urithi wenye uzito ni wa mmea kuliko wa mtu. Muhogo mchungu, unaopendwa kwa kuwa nguruwe mwitu na wezi huuogopa, una linamarini, ambayo mzizi ukikatwa hutoa sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Mwili huivunja sumu hiyo kwa kimeng'enya cha rodanese, kinachohitaji salfa itokayo katika protini; basi mwenye kula bugali (ugali wa muhogo) kwa sombe (majani ya muhogo) tupu, mwezi baada ya mwezi, huishiwa silaha.

Huko Kwango, biashara ya muhogo iliposhamiri, kuloweka kwa siku tatu, kunakoondoa sumu hiyo, kulifupishwa. Nyangwe, katika Maniema, ina mto Lualaba: maji ya kulowekea yapo, na samaki wa wavuvi Wagenya huleta salfa. Kwa familia ya Kabambare, pia katika Maniema, inayokimbia vita na kula muhogo uliotayarishwa haraka mbali na mto, vyote viwili huweza kukosekana kwa pamoja. Hata hapo ipo njia, iliyojaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, Kwango, bila mgonjwa mpya kupatikana: unga hulowanishwa, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au tano kivulini ili sianidi itoke hewani, kisha husongwa siku hiyohiyo.