Kusoma Ujumbe wa Simu

Kila mmoja awe na daftari, kalamu, na simu kama anayo. Hata simu ndogo ya vitufe yatosha.

Kabla ya kufungua simu, twende kwanza Tabora ya zamani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ikafika Ujiji penye ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipita na mizigo mabegani. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa safari ya kiasi cha miezi mitatu, na mara nyingine zaidi.

Barua nazo zilichukuliwa hivyo hivyo, kwa miguu. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti moja la Marekani, alifika Tabora akimtafuta Dokta Livingstone. Hapo akakuta mfuko wa barua za Livingstone, nao umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umetumwa kutoka Unguja kwenda Ujiji, lakini ulilala Unyanyembe. Stanley akauchukua, akampelekea mwenyewe. Alipoupokea, ulikuwa umemaliza kiasi cha mwaka mzima njiani.

Leo ujumbe wa simu hutoka Unguja ukafika Ujiji kabla hujameza mate. Lakini nawauliza: ukifika kwa mtu asiyeweza kuusoma, je, umefika kweli? Haujafika. Umelala, kama ule mfuko wa Unyanyembe. Tofauti ni hii tu, kwamba sasa umelala mfukoni mwake.

Basi, tusome. Tuseme wewe unauza asali sokoni Tabora. Katika simu yako mna shilingi 7,300. Anakuja mtu kununua asali ya shilingi 45,000, naye anasema atakulipa kwa simu. Mara simu inalia. Ujumbe unasema: "Umepokea Sh 45,000. Salio lako jipya ni Sh 52,300."

Jiulize maswali matatu.

Kwanza, nani ameuleta ujumbe huu? Tazama juu yake. Je, pana jina la huduma ya fedha, lile unaloliona siku zote, au pana namba ya mtu tu?

Pili, ni kiasi gani? Hesabu sifuri kwa kidole. 4,500 si 45,000.

Tatu, salio ni kiasi gani? Shika kalamu. 7,300 ukijumlisha na 45,000 unapata 52,300. Hesabu imelingana.

Je, sasa umpe asali? Bado! Hata mwizi anaweza kuandika ujumbe wa namba zinazolingana. Fungua wewe mwenyewe huduma ya fedha katika simu yako, ingiza namba yako ya siri, kisha uliza salio. Likiwa bado ni 7,300, hujalipwa, hata ujumbe useme nini. Shika asali yako.

Ukiletewa ujumbe mwingine unaosema, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," usitume. Mpigie kwanza yule unayedaiwa naye, kwa namba yake unayoijua, umsikie sauti.

Wako watu wanaompa kijana wa jirani simu awasomee, nao humtajia na namba ya siri. Kijana aweza kuwa mwema kabisa. Lakini namba ijuayo watu wawili si ya siri tena. Mwombe akufundishe, asikufanyie.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo mambo mengi ya kazi na ya masomo yameingia humo. Katika msimu wa 2022/2023 wakulima waliotaka mbolea ya ruzuku waliandikishwa, kila mmoja akapata namba yake. Mkulima asiyeweza kuisoma namba yake humtegemea mwingine, na siku mwingine hayupo, kazi ya shamba husimama.

Hata masomo ya watoto ni hivyo. Kijana akimaliza kidato cha sita, huomba chuo na mkopo wa masomo kwa njia ya intaneti. Jina aliloandika lisipolingana na lile la cheti cha kuzaliwa, hata kwa herufi moja, ombi lake laweza kukwama. Basi, mzazi, usiseme, "Hayo ni mambo ya vijana." Keti naye. Shika cheti, usome herufi moja moja, naye aandike. Yeye anajua vitufe. Wewe unajua jina ulilompa.

Usione haya kuanza ukubwani. Aliyekwisha kujua kusoma na kuhesabu amevuka pori kubwa. Vitufe ni kijito tu.

Kazi ya nyumbani:

1. Soma ujumbe mmoja katika simu, uunakili daftarini.

2. Una shilingi 12,500, umepokea shilingi 30,000. Salio ni kiasi gani?

3. Uliza salio lako mwenyewe, bila msaada. Usimwonyeshe mtu namba yako ya siri, hata mwalimu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.