Salfaiti Iliyogeuka Salfeti: Mada kwa Walimu wa Kemia na Mafundi Sanifu Maabara



Nimepewa dakika 20 kuzungumzia kampaundi za salfa na oksijeni. Sehemu ya kwanza mnaifundisha kila mwaka, nitaipitia mbiombio. Salfa, ambayo wazee wetu waliiita kiberiti, ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, SO₂, inayokaba koo. Ikipitishwa pamoja na hewa kwenye vanadiamu pentoksaidi, joto likiwa nyuzi 450 hivi, huongeza oksijeni ikawa trayoksaidi, SO₃, na hiyo ndiyo njia ya kwenda asidi ya salfuriki. SO₂ ina jamaa zake, salfaiti. SO₃ ina zake, salfeti. Kati ya salfaiti na salfeti pana atomu moja tu ya oksijeni.

Atomu hiyo moja nimegombana nayo miaka mingi.

Katika shule moja niliyofanyia kazi, chupa ya sodiamu salfaiti ilikaa kabatini kifuniko kimepasuka, kimezungushiwa selotepu, lebo imekuwa rangi ya chai. Unga ulikuwa mweupe vilevile, ila umeshikana mabonge. Siku ya mtihani wa vitendo wanafunzi walidondosha bariamu kloraidi, mashapo meupe yakatokea. Wakaongeza asidi ya haidrokloriki, mashapo yakabaki palepale. Wakaandika salfeti. Mwongozo ulisema salfaiti, wakakosa maksi. Nilipomfuata msahihishaji akasema mwongozo ni mwongozo. Nikachota kijiko cha unga ule, nikaumwagia asidi mbele yake: hakuna harufu, hata kipovu kimoja. Watoto walikuwa wameandika walichokiona.

Si kusudio la mada hii kunyooshea ofisi yoyote kidole. Taratibu za ununuzi zina sababu zake. Lakini shule inayotumia gramu chache kwa mwaka ikiletewa chupa ya gramu 500, hewa itaimaliza kabla ya wanafunzi. Ukiomba nyingine, barua inarudi na maneno mawili: "Bado ipo." Daftari la stoo huhesabu chupa, kilichomo hakipimwi.

Kwa hiyo napendekeza salfaiti inunuliwe kwa chupa ndogo. Tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye lebo. Mmumunyo utengenezwe asubuhi ileile, usilale, maana majini hugeuka upesi zaidi. Kabla ya mtihani fundi aujaribu kwa asidi na karatasi ya potasiamu dikromati: rangi ya chungwa isipogeuka kijani, chupa iondolewe. Daftari liwe na safu ya "imepimwa", si "ipo" tu. Msahihishaji apewe matokeo ya fundi aliyetumia kemikali za kituo hichohicho. Mkuu wa shule asisaini "bado ipo" kabla ya kuuliza maabara. Na narudia, kama nilivyorudia katika semina zilizopita: chupa ndogo.

Ile chupa nimekuja nayo, iko mezani kwa mratibu pamoja na asidi. Tutafungua madirisha kwa tahadhari, ingawa sidhani kama yatahitajika.