Mguu Mmoja Ukivimba, Usiukande

Leo tuzungumze juu ya damu kuganda ndani ya mshipa.

Mama mmoja niliyemtembelea alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Wiki ya pili mguu wa kushoto ukavimba, ukawa na moto na maumivu. Majirani wakasema ni baridi tu. Wakaukanda kwa mafuta siku tatu. Siku ya nne pumzi ikamkatika ghafla. Alipona, lakini kwa shida sana.

Ilikuwaje? Damu ikiganda kwenye mshipa mkubwa wa mguu, huziba njia kama tope ndani ya mfereji. Kipande kikikatika, hupitia moyoni mpaka mapafuni na kuziba mishipa ya huko. Hiyo ndiyo hatari kubwa; inaweza kuua kwa muda mfupi. Dalili zake ni kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu au kuzimia. Mtu wa namna hiyo hangoji asubuhi, jamani!

Shida ya pili huja polepole. Hata baada ya matibabu, mshipa waweza kubaki umeharibika. Kati ya wagonjwa 10, 2 hadi 5 hubaki na mguu mzito, wenye kuvimba na kuuma. Wengine hupata kidonda kisichopona upesi. Tena, damu yaweza kuganda mara nyingine.

Tuwaangalie nani zaidi? Wajawazito, na akina mama katika wiki 6 baada ya kujifungua. Pia waliopasuliwa, wenye plasta mguuni, wagonjwa wa kansa na wanaolala kitandani siku nyingi. Ukiruhusiwa na daktari, amka utembee mapema.

Dawa za kuzuia damu kuganda hutumiwa miezi 3 au zaidi. Usiziache kwa kuwa uvimbe umepungua. Usizichanganye na aspirini ya dukani bila kuuliza; unaweza kutokwa na damu nyingi. Na ukishika mimba, mwambie daktari mara moja, kwani baadhi yake humdhuru mtoto.

Sasa swali langu. Mtu akifa, kikundi huchanga siku hiyo hiyo, si ndiyo? Je, mnayo pesa ya gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku? Lijadilini kabla hamjaachana leo.