Wachina na Wajapani: Karatasi ya Mwaka wa 1972



Baadhi yenu mmetuuliza: Wachina na Wajapani wauziana bidhaa kila siku, mbona viongozi wao hawaachi kuteta? Leo twajaribu kulijibu swali hilo.

Majeshi ya Japani yaliiteka Manchuria mwaka wa 1931, na mwaka wa 1937 yakaingia China yote kwa vita. Desemba mwaka ule yaliuteka mji wa Nanjing, yakaua raia na mateka kwa maelfu na kuwanajisi wanawake. Vita vikaisha mwaka wa 1945, Japani iliposhindwa. Hatuyasemi haya ili kuchochea chuki. Asiyeyajua hataufahamu ugomvi huu.

Baada ya vita Japani iliandamana na Marekani, ikaitambua serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan. Haikuwa na balozi Beijing. Lakini biashara haingoji balozi. Katika mkutano wa Bandung wa mwaka wa 1955, ule wa Asia na Afrika, Zhou Enlai alionana na Takasaki Tatsunosuke wa Japani. Mwaka wa 1962 Takasaki huyo na Liao Chengzhi wakatia sahihi mapatano ya biashara. Basi nchi zisizotambuana zikauziana chuma, mbolea na soya.

Ndipo tarehe 29 Septemba, 1972, Waziri Mkuu Tanaka Kakuei akatia sahihi tamko la pamoja na Zhou Enlai mjini Beijing. Hapa twaomba mtusikilize sana, maana kiini cha ugomvi kimo katika karatasi ile. China ilisamehe fidia ya vita. Yote! Japani ilikiri madhara iliyowatia Wachina, ikajilaumu. Juu ya Taiwan, China ilisema ni sehemu ya nchi yake. Japani haikusema "twakubali". Ilisema yauelewa kabisa msimamo huo na kuuheshimu. Sisi ambao wazee wetu walitiwa alama za vidole katika mikataba ya wageni twajua uzito wa neno moja. Na vile visiwa vidogo, Senkaku kwa Wajapani, Diaoyu kwa Wachina, havikutajwa kabisa. Deng Xiaoping alipozuru Tokyo mwaka wa 1978 alisema kizazi kijacho kitakuwa na busara zaidi ya kulimaliza shauri hilo.

Kizazi hicho kimekwisha fika.

Tangu mwaka wa 1979 Japani iliikopesha China fedha nyingi za reli, bandari na umeme. Wajapani wengi wakaona kwa njia hiyo wamelipa. Wachina wakajibu kwamba mkopo una riba na hurudishwa, fidia ni kitu kingine. Kwa maoni yetu Wachina hapo wasema kweli, ingawa mikopo ile iliwafaa sana. Mwaka wa 1995 Waziri Mkuu Murayama aliomba radhi waziwazi. Kisha Koizumi akawa anakwenda kila mwaka, tangu 2001 hadi 2006, kwenye hekalu la Yasukuni, ambako wakubwa 14 walioshtakiwa kwa uhalifu wa vita huheshimiwa pamoja na askari waliokufa.

Lakini tusiwapake Wachina mafuta. Mwaka wa 2012 Japani iliponunua visiwa vitatu kati ya vile kutoka kwa mwenyewe, makundi ya watu katika miji ya China yalivunja maduka na magari ya Kijapani. Magari mengine yalikuwa mali ya Wachina wenyewe.

Tarehe 7 Novemba, 2025, Waziri Mkuu Takaichi Sanae aliliambia Bunge kwamba Taiwan ikishambuliwa kwa manowari, huenda hiyo ikawa hatari kwa uhai wa Japani. Kwa sheria ya mwaka wa 2015, hatari ya namna hiyo yaweza kuliruhusu jeshi lake kupigana. Beijing ilikasirika, ikamtaka ayafute maneno yake, ikawashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani. Wenye hoteli walioshughulika na wageni wa Kichina hawakuulizwa kitu. Takaichi hakuyafuta. China ilisema karatasi ya 1972 imevunjwa. Japani nayo ikajibu kwamba msimamo wake ni uleule ulioandikwa katika karatasi ya 1972.