Hisabati ya Kula na Hisabati ya Kufundishia



Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwenye siku ya taaluma ya shule moja. Aliyenitangulia jukwaani, kijana mwenye suti na ulimi mwepesi, aliwaambia wanafunzi wa michepuo ya PCM na EGM kwamba hisabati ni ya kufundishia, takwimu bima ndiyo ya kula. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilipanda baada yake nikababaika, hata niliyoyasema siyakumbuki. Leo nimekuja na jibu ambalo siku ile sikuwa nalo.

Historia ya takwimu bima, hesabu za bima na pensheni, mnaijua, tuiruke. Niseme moja tu: jedwali la vifo lililoionyesha bima ya maisha njia lilichapishwa mwaka 1693 na Edmond Halley, mwanafalaki, kutokana na kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa katika mji wa Breslau. Shahada ya takwimu bima hakuwa nayo. Haikuwapo.

Msemaji yule alichanganya shahada na cheo. Ukihitimu takwimu bima, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo cha Usimamizi wa Fedha, bado hujawa mtakwimu bima kamili. Cheo hutolewa na vyama vya kitaaluma, kama kile cha Uingereza chenye mizizi ya mwaka 1848, kwa mitihani inayokula miaka, na aliyesoma hisabati tupu anaruhusiwa kuifanya. Nakiri kwamba mwenye takwimu bima anaweza kusamehewa baadhi ya karatasi. Huo ni muda na ada, na mtoto wa mkulima wa kahawa asibeze. Lakini kijana wa suti hakuzungumzia msamaha wa karatasi. Alizungumzia kula.

Basi tule. Baba yangu mdogo, mwalimu aliyekuwa anakaribia kustaafu mwaka 2024, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kikokotoo cha pensheni cha kundi lake kitapandisha mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja, kutoka asilimia 33 hadi 40. "Wewe si ndiye wa hesabu? Niambie kama nifurahi."

Nikachukua namba nyepesi: mshahara wa wastani shilingi 12,000,000 kwa mwaka, utumishi wa miezi 348. Gawa 348 kwa 580 iliyomo kwenye kikokotoo, unapata 0.6, zidisha kwa mshahara, unapata 7,200,000, pensheni kamili ya mwaka. Zidisha kwa 12.5, chukua asilimia 33: mkupuo ni 29,700,000, na asilimia 67 iliyobaki inampa 402,000 kila mwezi. Kwa kanuni ile ile, asilimia 40 inaleta mkupuo wa 36,000,000, na cha mwezi kinashuka hadi 360,000. Ameongezewa 6,300,000, amepunguziwa 42,000 kwa mwezi. Gawa nyongeza kwa punguzo: miezi 150. Miaka kumi na miwili na nusu kamili.

Baba mdogo akaikodolea macho ile 150. "Yaani wananiuliza kama nitavuka umri wa miaka sabini na mbili na nusu?"

Ndivyo, ukiacha riba na bei za sokoni. Kubonyeza kikokotoo anaweza hata karani. Kuuliza 12.5 imetoka wapi, na itakuwaje kama wanaolipwa hawafanani na waliohesabiwa, kunataka mtu aliyefundishwa kutoiamini fomula mpaka aione ikizaliwa.

Hapa Kagera tuna sababu ya kutoamini. Sura za kwanza za somo la bima huchukulia kwamba kifo cha huyu hakigusi uwezekano wa kifo cha yule. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Tulizika mume, tukazika mke, tukarudi nyumba ile ile. Dhana hiyo ilitufia mikononi.

Sasa mnivumilie, nafika kwenye kipenzi changu. Nyakatoke ni kijiji kidogo cha Wahaya mkoani humu. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt alizifanyia utafiti kaya zake 119, zote, bila kuchagua sampuli, kwa awamu tano kati ya Februari na Desemba. Kila mtu mzima aliulizwa: nani unaweza kumtegemea, au anaweza kukutegemea, kwa fedha, kitu au nguvu? Chora majibu: nukta 119 na mistari kati yake. Hiyo ni bima isiyo na kampuni, na kila aliyewahi kuchangia chama cha kufa na kuzikana anaifahamu. Kilichoninyima usingizi ni mistari yenye ncha moja. Huyu anamtaja yule. Yule hamtaji huyu. Je, huo ni msaada au tumaini? Na nyumba zikianguka zote siku moja, kama tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipopita hapa, nani anamvuta nani? Nimewahi kuichora Nyakatoke ubaoni kipindi kizima mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyefunga daftari. Hiyo ni nadharia ya grafu, binti wa hisabati tupu. Wenzangu wa takwimu bima watasema nao wanazo mbinu za matukio yanayotegemeana. Wanazo. Wameziazima kwetu.

Mpwa wangu, katika maombi ya chuo, amejaza takwimu bima chaguo la kwanza, hisabati la pili. Sikumgombeza. Nilimwazima kitabu changu kikuukuu cha nadharia ya grafu, cha jalada la kijani, asome wiki moja tu. Huu ni mwezi wa tatu, hajakirudisha, na juzi mama yake alinilalamikia kwamba taa ya chumbani kwake haizimwi.