SOMO LA REDIO: MTU MMOJA NA DHAMIRI YAKE

Nazungumza nanyi kutoka Rungwa, mkoa wa Singida, mahali ambapo barabara itokayo Itigi hupita katika misitu mikubwa ya miombo kuelekea Chunya. Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutasikiliza, kisha tutaandika.

Juma lililopita mzee mmoja, mrina asali, aliniuliza swali hapa darasani. Alisema, "Mwalimu, watu huchuna magome ya miti ili watengeneze mizinga, na mti uliochunwa hivyo hufa. Mimi nimeacha desturi hiyo. Wenzangu hawakuacha. Je, nikiacha mimi peke yangu, msitu utapona? Kidole kimoja hakivunji chawa." Darasa lilicheka, kisha likanyamaza likingoja jibu. Sikuwa na jibu la upesi. Nimelitafuta, nami nawaletea leo.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Massachusetts, kuna mji mdogo uitwao Concord. Katika miaka ya 1830 na 1840 waliishi hapo watu waliosumbuliwa na swali kama la mzee wetu. Mkubwa wao alikuwa Ralph Waldo Emerson, aliyezaliwa mwaka 1803. Alikuwa mchungaji wa kanisa, akaiacha kazi hiyo mwaka 1832, akawa mwandishi na msemaji. Rafiki yake kijana aliitwa Henry David Thoreau. Jina hili lisomeni "Thoro". Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha penseli, na yeye pia alifanya kazi humo.

Falsafa yao ina jina refu: transendentalizimu. Msiliogope. Maana yake ni kupita juu ya yale tunayoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Watu hawa walisema kwamba ndani ya kila mtu, msomi na asiye msomi, mna mwanga wa kumwonyesha lililo haki. Mwanga huo sisi twauita dhamiri. Walisema tena kwamba miti, maji na wanyama ni kitabu ambacho kila mtu aweza kukisoma, hata kabla hajajua herufi. Mwaka 1841 Emerson alitoa insha juu ya kujitegemea. Alifundisha kwamba mtu asikubali neno kwa sababu tu watu wote wanalisema. Wazee wetu nao walisema: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Thoreau alitaka kuyajaribu maneno hayo kwa mikono yake. Tarehe 4 Julai, 1845, alihamia msituni kando ya ziwa dogo liitwalo Walden, katika shamba la Emerson. Alijijengea kibanda kwa gharama ya dola 28 na senti kidogo, akalima maharage. Alikaa huko miaka miwili na miezi miwili, akaandika hesabu ya kila senti. Aliona kwamba akifanya kazi ya kibarua kwa majuma kama sita tu katika mwaka, aliweza kujilisha na kujivika. Basi akawauliza jirani zake: hiyo nyumba kubwa na hayo makochi, mmeyalipia kwa siku ngapi za maisha yenu? Swali hilo lafaa hata leo. Mtu akinunua simu ya bei kubwa kwa mkopo, asihesabu shilingi tu. Ahesabu pia masika mangapi atakayolima ili kuilipa.

Mwezi wa Julai, 1846, alipokuwa akikaa huko msituni, Thoreau alikamatwa. Kosa lake lilikuwa kukataa kulipa kodi ya kichwa. Ninyi wazee mnaijua kodi ya namna hiyo. Yeye hakukosa fedha. Alikataa kwa sababu serikali ya nchi yake iliruhusu utumwa, na ilikuwa ikipigana vita na Meksiko. Alilala gerezani usiku mmoja tu. Mtu mwingine alimlipia, naye akatolewa asubuhi.

Je, usiku mmoja ulifaa nini? Siku ile haukufaa kitu. Utumwa uliendelea Marekani mpaka mwaka 1865, na Thoreau alikwisha kufa mwaka 1862. Lakini alikuwa ameandika sababu zake, na maandishi yake yakachapwa mwaka 1849. Miaka mingi baadaye Gandhi aliyasoma alipokuwa Afrika ya Kusini akiwapigania Wahindi. Martin Luther King aliyasoma akiwa mwanafunzi, na mwaka 1955 akaongoza mgomo wa mabasi katika mji wa Montgomery, watu weusi wakakataa kudharauliwa. Mbegu ya mtu mmoja ilikaa ardhini muda mrefu, ikaota mbali.

Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya Wamarekani." Sivyo. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja. Salem pia ni mji wa Massachusetts, wala si mbali na Concord. Merikebu za huko zilileta kitambaa cha pamba, nacho kikaitwa merikani. Wazee wengi walilijua neno hilo. Wapagazi walikibeba merikani kichwani kutoka pwani hadi Unyanyembe, wakipita katika pori la Mgunda Mkali, kaskazini yetu hapa, ambako leo ni upande wa Manyoni na Itigi. Kilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Na pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na nani? Ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu ambao babu zao walitolewa Afrika. Kwa hiyo dhuluma iliyomlaza Thoreau gerezani ilifika hata huku, katika uzi wa nguo. Dhuluma haina ugeni. Yafaa kila mtu aulize kitu alichoshika kimetoka wapi, na kwa jasho la nani.

Sasa tusiwasifu kupita kiasi. Thoreau hakuwa na mke wala mtoto, na kibanda chake kilikuwa katika ardhi ya rafiki. Mama mwenye watoto sita hawezi kuhamia ziwani kutafakari. Tena sisi twajua kwamba mtu ni watu. Mwalimu Nyerere alipotangaza Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisema juu ya kujitegemea kwa kijiji na taifa, watu wakishirikiana. Hayo si sawa na mafundisho ya Emerson. Lakini yanahitajiana. Kijiji cha watu wasiofikiri, kila mmoja akimngoja mwenzake, hakiwezi kujitegemea.

Nami nina ungamo. Nilipoanza kazi, katika wilaya nyingine, niliandika katika taarifa kwamba darasa langu lina watu 32. Waliokuja walikuwa 11. Mwenzangu aliniambia, "Kila mtu hufanya hivyo." Vitabu 32 vikaletwa, na vingine vikaliwa na mchwa kabatini. Baadaye nilitembelea darasa la kijiji cha pili, nikakuta akina mama wanne wanasoma kitabu kimoja, wawili wakikisoma kichwa chini miguu juu. Niliandika barua ya kusahihisha. Nilikaripiwa, na haki yangu. Neno "kila mtu" halikuja kunitetea.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Mimi sijui kama msitu utapona. Lakini miti usiyoichuna wewe itaishi, na hiyo si hesabu ndogo. Tena wajukuu wako wataona kwamba asali hupatikana bila kuua mti. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli; lakini kidole cha pili hakiji kama cha kwanza hakikunyooshwa.

Kwaherini, na Mungu awabariki. Sasa chukueni kalamu.

MANENO YA KUANDIKA: dhamiri, falsafa, kujitegemea, dhuluma, merikani, mrina asali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini Thoreau alikataa kulipa kodi? Je, ni sawa na mtu anayekwepa kodi ili abaki na fedha zake?
2. Tajeni jambo moja kijijini kwenu ambalo watu hulifanya kwa sababu tu "kila mtu hufanya hivyo".
3. Nani kati yenu yu tayari kuwa kidole cha kwanza?