Kijana Anapoanza Kusikia Sauti: Dawa Pamoja na Maisha ya Nyumbani

Walengwa: akina mama na walezi wa vijana

Kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo uketi, kwa maana leo tunazungumza juu ya yule mtoto uliyemlea hadi akakupita kimo, na sasa humwelewi.

Mada yetu ni ugonjwa wa akili unaoanza ujanani. Madaktari wanauita saikosisi. Mara nyingi unaanza kati ya mwisho wa utineja na miaka ya ishirini na kitu, yaani wakati kijana yuko shule ya upili, chuoni, au ndiyo kwanza ameanza kutafuta kazi.

Dalili zake ni zipi? Kijana anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anaamini kwamba watu wanamfuata, jirani anamwekea sumu, au redio inamtaja yeye. Maneno yake hayashikani. Kabla ya hayo, mara nyingi kuna dalili za polepole: halali usiku, anajifungia chumbani, haogi, anaacha marafiki, na alama za shuleni zinashuka bila sababu. Dalili moja peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa huu. Lakini zikikusanyika na zikazidi siku baada ya siku, mama, usisubiri.

Wengi wetu tunasubiri. Tunasema ni ujana. Baba anasema ni bangi tu, achapwe atanyooka. Nyanya anasema ni mambo ya ukoo. Majirani wanasema amerogwa. Miezi inapita, kijana anaacha shule, na wengine wanafungwa kamba au minyororo nyuma ya nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu, kadiri kijana anavyokaa bila matibabu, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Kweli, bangi huongeza hatari ya ugonjwa huu, na mtu anayeugua akivuta huzidiwa. Lakini wako vijana wengi wanaougua ambao hawajawahi kuigusa. Kwa hiyo usianze na kesi, anza na hospitali.

Hatua ya kwanza ni hospitali

Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au katika hospitali kuu ya rufaa ya kaunti hapa mjini Kakamega, uulize huduma ya afya ya akili. Kama humjui wa kukuelekeza, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuandikie barua ya rufaa. Na kama hujajiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, jiandikishe wewe na watu wa nyumba yako kabla shida haijabisha hodi.

Daktari ataanza kwa kutafuta sababu nyingine, kwa kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, virusi vya Ukimwi, kifafa na mihadarati vyaweza kumfanya mtu achanganyikiwe. Kama kijana ana joto jingi, shingo imekaza au amezimia, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Binti aliyejifungua karibuni akibadilika akili, hiyo nayo ni dharura.

Ikionekana ni saikosisi, atapewa dawa. Dawa hutuliza sauti na hofu. Baadhi yake hukaza misuli, hupinda shingo, huleta usingizi au huongeza uzito. Ukiona hivyo, mrudishe kwa daktari abadilishe dawa au kipimo. Usiisimamishe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kijana kupata nafuu, dawa ziendelee kwa angalau miezi 12, na ziachwe polepole kwa uangalizi wa daktari. Wengi hurudi kuugua kwa sababu waliona wamepona, wakaacha.

Dawa ni mguu mmoja tu

Mama, sikiliza hapa vizuri. Dawa huondoa sauti, lakini haimrudishi kijana darasani. Haimfundishi tena kuongea na rafiki. Haimwondolei aibu ya kupita sokoni watu wakimnyooshea vidole. Mguu wa pili wa matibabu ni mazungumzo na maisha: ushauri nasaha kwa kijana, mafunzo kwa jamaa zake, na msaada wa kurudi shule au kazini.

Huko Marekani, matokeo ya utafiti mmoja mkubwa yalitolewa mwaka 2015. Vijana na watu wazima 404 walioanza kuugua walifuatwa katika kliniki 34. Waliopewa dawa pamoja na ushauri, mafunzo ya familia na msaada wa shule na kazi walikaa katika matibabu muda mrefu zaidi na maisha yao yakawa mazuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na waliofaidika zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekaa na ugonjwa kwa muda mrefu kabla ya kutibiwa.

Utasema, hiyo ni Marekani, wana pesa. Basi tuangalie majirani zetu wa Ethiopia. Katika wilaya ya Sodo, wananchi wa kawaida walifundishwa, wakawa wanatembelea nyumba za watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa jamii hiyo hiyo ya saikosisi. Walifundisha jamaa, wakasaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake, wakazungumza na kijiji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliotembelewa waliweza kujifanyia mambo yao vizuri kuliko waliokwenda kliniki tu. Kazi hiyo ilifanywa na watu kama wewe na mimi.

Namna ya kuzungumza nyumbani

Watafiti waliona zamani, tangu miaka ya 1950 na 1960 huko London, kwamba mgonjwa anayerudi nyumba yenye kufokewa, lawama na kushikiliwa kama mtoto mchanga hurudi hospitali haraka zaidi. Hii haimaanishi mama ndiye aliyeleta ugonjwa. Hapana! Ugonjwa huu hauletwi na malezi. Lakini namna tunavyosema nyumbani yaweza kumsaidia kukaa na nafuu.

Tuseme mwanao anakuambia, "Mama, jirani ameweka sumu kwenye ugali." Ukimjibu, "Wacha ujinga wako, kula!" ataogopa zaidi na atakuficha. Ukimjibu, "Kweli, yule jirani ni mbaya," umetia kuni motoni. Jaribu hivi: "Naona una hofu, mwanangu. Mimi sioni sumu, lakini najua hofu yako ni ya kweli. Hebu tupakue sahani moja, tule pamoja." Hukubishana naye, na hukumdanganya.

Yafuatayo pia yanasaidia:

1. Sema kwa sauti ya chini, jambo moja kwa wakati mmoja. "Tafadhali chota maji" inatosha. Usiongeze hotuba ya mwaka mzima.

2. Msifu kwa kidogo. Leo ameoga? Mwambie umeona. Leo amefagia? Mshukuru.

3. Muweke katika ratiba. Kulala na kuamka saa ile ile, chakula, dawa, kazi ndogo, na kutembea kidogo jioni. Usingizi uliokatika ni njia ya ugonjwa kurudi.

4. Mpe kazi inayomfaa, usimfungie. Kulisha kuku, kumwagilia sukuma wiki, kukusaidia kwenye kibanda cha sokoni saa moja au mbili. Kisha ongeza polepole.

5. Nenda shuleni uzungumze na mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri. Omba aanze kwa nusu siku, au arudie muhula. Kurudia muhula si mwisho wa masomo.

6. Maombi hayakatazwi, wala mzee wa ukoo hakatazwi kuja. Lakini dawa isisimamishwe, mgonjwa asifungishwe chakula, na asipigwe wala kufungwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na mgonjwa wa akili ni mtu.

Jua dalili za kurudi

Ugonjwa ukitaka kurudi, hupiga hodi. Kwa mmoja ni kukosa usingizi siku mbili, kwa mwingine ni kucheka peke yake, kwa mwingine ni kukataa kula pamoja na wengine. Kijana akiwa na nafuu, keti naye, mwandike katika daftari dalili zake tatu za kwanza, tarehe za kliniki, na nani wa kupigiwa simu. Muulize yeye mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kwa ndani. Dalili hizo zikionekana, nendeni kliniki hata kama tarehe haijafika.

Akisema anataka kufa, au sauti zinamwamuru ajiumize au aumize mtu, usimwache peke yake. Ondoa panga, kamba na dawa za shambani, ita jamaa anayemwamini, mpelekeni hospitali mara moja.

Na wewe, mama?

Mlezi naye huchoka. Hulali, unalia jikoni, watu wamekoma kukutembelea. Gawa mzigo: baba, kaka, shangazi, kila mmoja awe na siku yake. Mueleze mtu mmoja wa chama chako unayemwamini. Huenda ukakuta naye ana wake amemficha. Akina mama watatu wakikutana kila mwezi na kuulizana, "Wako alikula dawa? Wako alirudi shule?", hicho tayari ni kikundi cha kusaidiana. Mwombeni muuguzi aje siku moja awajibu maswali.

Kumbuka, Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia hupona kabisa, na wengine wengi huishi, hufanya kazi na kulea watoto wao huku wakitibiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usimfiche mwanao. Mpeleke mapema, shika dawa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine mshike yeye.



Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni majina gani tunayowaita vijana wenye ugonjwa wa akili mtaani kwetu? Tutayaachaje?

2. Kijana akikuambia anasikia sauti, utamjibu vipi? Jaribuni wawili wawili.

3. Ni kazi gani ndogo hapa kwetu ambayo kijana anayepata nafuu anaweza kuanza nayo?